Walimu Wawili, Kipindi Kimoja: Mwongozo wa Kuanza Kufundisha kwa Pamoja Kidato cha Kwanza

Kufundisha kwa pamoja ni walimu wawili kuandaa, kufundisha na kusahihisha kipindi kimoja, kwa wanafunzi walewale, kila mmoja akibeba jukumu lake. Katika darasa la wanaojifunza Kiingereza, mmoja ni mwalimu wa somo, tuseme Jiografia au Biolojia, na mwenzake ni mwalimu wa lugha. Wa kwanza anashika maarifa ya somo. Wa pili anashika maneno na sentensi ambazo bila hizo maarifa hayo hayatoki kinywani wala kwenye karatasi ya mtihani. Walimu wanaopokezana vipindi, au mmoja anayeketi nyuma akisahihisha madaftari yake huku mwenzake akifundisha, hawafundishi kwa pamoja hata kama wamo chumba kimoja.

Utaratibu huu ulikomaa Marekani. Ulishika mizizi kwanza katika elimu maalumu, baada ya sheria ya 1975 kuwahakikishia watoto wenye ulemavu nafasi katika shule za umma. Kwa watoto wasiojua Kiingereza, msukumo ulitoka mahakamani. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyofunguliwa na familia za Wachina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba kumpa mtoto asiyeelewa lugha vitabu na walimu walewale wanaopewa wenzake si usawa. Marilyn Friend na Lynne Cook ndio waliozipanga namna sita za kugawana darasa zinazotajwa hadi leo, na Andrea Honigsfeld na Maria Dove wakazirekebisha kwa wanaojifunza Kiingereza katika kitabu chao cha 2010.

Kule, mwanafunzi wa namna hiyo mara nyingi ni mmoja kati ya wachache darasani, mtoto wa wahamiaji au wakimbizi, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Katika shule ya sekondari ya serikali nchini Tanzania, anayejifunza Kiingereza ni darasa zima, na mwalimu naye aghalabu alipita njia hiyohiyo. Ndiyo maana mbinu za kule zinafaa kuazimwa, lakini haziwezi kunakiliwa. Ushauri wa kuwaweka wanafunzi wanne watano kwenye meza ya pembeni hauna pa kushika mbele ya wanafunzi 70.

Kwa nini walimu wawili

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Akiingia Kidato cha Kwanza, baada ya wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, anakutana na Biolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia na Hisabati, zote kwa Kiingereza, na upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili unamsubiri kwa lugha hiyohiyo. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala haujaisha. Mwongozo huu hauuamui. Unamhusu mwalimu mwenye kipindi Jumatatu asubuhi.

Jim Cummins wa Kanada alitofautisha, tangu 1979, lugha ya kuongea na lugha ya masomo. Kwa watoto wa wahamiaji aliowachunguza, ya kwanza ilikuja kwa takriban miaka miwili. Ya pili ilichukua miaka mitano hadi saba. Na hao walikuwa wakiisikia lugha hiyo dukani, barabarani na kwenye televisheni. Mtoto wa Kasulu au Tandahimba anaisikia darasani tu, na kengele ya kutoka ikilia imekwisha hadi kesho.

Mwalimu wa somo akiwa peke yake hujikuta na njia mbili. Ama anafundisha kwa Kiingereza kitupu, darasa linakaa kimya. Ama anafafanua kwa Kiswahili, darasa linachangamka, halafu ananukuu maelezo ya Kiingereza ubaoni na wanafunzi wanayakariri. Njia ya pili inadharauliwa bure, maana nusu yake ni sahihi: wanafunzi wameelewa. Kinachokosekana ni daraja kati ya kuelewa kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kemia hakufunzwa kulijenga. Mwalimu wa Kiingereza alifunzwa, ila yeye yuko chumba kingine akifundisha tungo tendwa kwa mifano isiyohusiana na chochote walichosoma asubuhi ile.

Hatua ya kwanza: kujua kinachokwamisha

Kabla ya kumwita mwenzake, mwalimu wa somo anahitaji kujua kama wanafunzi wamekwama kwenye somo au kwenye lugha. Jaribio la swali moja linatosha, na halihitaji zaidi ya dakika 15 za kipindi.

1. Ichaguliwe mada iliyofundishwa ndani ya wiki mbili zilizopita.
2. Litungwe swali moja linalotaka maelezo, lisiwe la kutaja majina. Mfano wa Jiografia: "Why is a rain gauge placed in an open area?"
3. Wanafunzi wajibu kwa Kiingereza kwenye nusu karatasi, dakika tano.
4. Wageuze karatasi na kujibu swali lilelile kwa Kiswahili: Kwa nini kipimamvua huwekwa mahali pa wazi? Dakika tano tena. Wasidokezwe mapema kwamba kuna upande wa pili.
5. Walimu wote wawili wakae na karatasi hizo na kuzigawa katika mabunda manne.

Bunda la kwanza ni la waliojibu vizuri pande zote mbili. La pili ni la waliojibu kwa Kiswahili tu: wanajua kwamba miti na kuta huzuia mvua, hata wengine wametaja matone yanayodondoka kutoka kwenye majani baada ya mvua kukatika, lakini upande wa Kiingereza wameandika "because the rain the tree" na kuishia hapo. Hili ndilo bunda la kufundishwa kwa pamoja. La nne, walioshindwa pande zote, linamrudisha mwalimu wa somo kwenye mada yenyewe.

Bunda la tatu ndilo huwashangaza walimu. Humo mna majibu safi ya Kiingereza, nukta na koma mahali pake, na upande wa Kiswahili ni mtupu au umejaa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Hao wamekariri. Kwenye mtihani wa ndani wanapata alama nzuri na wanahesabiwa kuwa hawana shida. Swali likibadilishwa kidogo tu, wanaanguka. Walimu waliozoea kupima kwa Kiingereza peke yake hawawezi kuwaona kabisa.

Kupata nafasi kwenye ratiba

Kosa linaloua mipango mingi ni kuanza kwa ukubwa. Mwalimu wa Kiingereza ana mzigo wake wa vipindi, na mwalimu wa taaluma hawezi kumtoa hewani mwalimu wa ziada. Ombi linalopita kwa mkuu wa shule ni dogo: mkondo mmoja, somo moja, vipindi viwili mfululizo mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Mabunda yale manne yapelekwe yalivyo, yamefungwa kwa rababendi. Yanazungumza vizuri kuliko barua.

Somo la kuanzia liwe Jiografia au Biolojia. Maneno yake mengi yana kitu cha kushika au kuonyesha. Hisabati hudanganya: inaonekana haina lugha, kumbe mafumbo yake ya maneno ni magumu kuliko aya nzima ya Biolojia, iachwe hadi walimu wazoeane. Na katika kuchagua watu, kuelewana kunatangulia ujuzi. Walimu wawili wa kawaida wanaoheshimiana watafika mbali kuliko mahodari wawili wanaoviziana.

> KISANDUKU 1. Makubaliano kabla ya kipindi cha kwanza
>
> Kaeni wawili, muda wa chai unatosha, mkubaliane haya:
>
> - Nani anafungua kipindi na nani anakifunga.
> - Nani anatunza nidhamu. Mwanafunzi akijibiwa ombi na mmoja, mwenzake halibatilishi jibu hilo.
> - Mtakavyoitana mbele ya wanafunzi. "Mwalimu" au "Madam" kwa wote wawili, hata kama mmoja alimfundisha mwenzake.
> - Mtakavyosahihishana. Mwenzako akikosea neno la Kiingereza, usilinyooshe mbele ya darasa. Mwombe: "Mwalimu, tafadhali tuandikie neno hilo ubaoni." Likishaandikwa, lisomwe na wote kwa pamoja. Mengine ni ya ofisini.
> - Ukiona kosa la somo katika maelezo ya mwalimu wa lugha, fuata njia hiyohiyo.
> - Siku na saa ya maandalizi ya kila wiki. Ikikosekana hii, msianze.

Kipengele cha kusahihishana kinahitaji neno la ziada. Walimu wengi wa masomo wanaona haya kwa Kiingereza chao, na wana sababu: wamepimwa kwacho maisha yao yote. Mwalimu wa lugha akijigeuza mkaguzi hata mara moja, wanafunzi wakacheka, mwenzake hatamkaribisha tena, na visingizio vitakuwa vya heshima sana: leo kuna kikao, kesho kuna mtihani, keshokutwa chaki zimeisha.

Dakika 30 za maandalizi

Kipindi cha walimu wawili hufaulu au hushindwa mezani, kabla ya mtu kuingia darasani. Mwalimu wa somo aje na andalio lake. Mwalimu wa lugha aje na maswali. La kwanza linahusu sentensi ambazo wanafunzi watatoka nazo. Mada imo tayari kwenye andalio. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Madam, kipindi kikiisha unataka waandike nini?"

"Waeleze kipimamvua kinavyowekwa, na sababu."

"Sentensi ngapi?"

"Mbili zinatosha."

"Basi niandikie hizo mbili, kama ambavyo ungependa kuzikuta kwenye karatasi ya mtihani."

Mwalimu wa Jiografia anaandika: "A rain gauge is placed in an open area so that trees and buildings do not block the rain. It is raised 30 cm above the ground so that splashes do not enter the funnel." Kwake ni jibu la kawaida. Mwalimu wa lugha anaona kitu kingine: tungo tendwa mara mbili, "is placed" na "is raised"; kisha "so that … do not", yaani "ili … isi-". Mwanafunzi asiyekuwa na kipande hicho cha pili hawezi kutoa sababu hata akijua vyombo vyote kwa majina. Hapo kiunzi cha sentensi cha siku hiyo kimepatikana:

"A rain gauge is ______ so that ______ do not ______."

Baada ya kiunzi yanafuata maneno. Saba au nane yanatosha kwa dakika 80, na yapangwe katika makundi matatu.

*Maneno ya somo* ni kama "rain gauge", "funnel", "measuring cylinder". Mara nyingi ndiyo rahisi, maana kitu kipo. Hata hivyo yana mitego yake. Mtoto anaijua faneli tangu alipotumwa kununua mafuta ya taa, lakini neno "funnel" likitamkwa bila irabu mwishoni halioni kama ni ndugu wa faneli. Sekunde kumi za kuyaweka maneno hayo mawili ubavu kwa ubavu ubaoni zinaokoa robo saa.

*Maneno ya kazi* ni yale yanayoamuru au kuunganisha: "describe", "explain", "record", "place", "so that". Hayamilikiwi na somo lolote, na kwa sababu hiyo hakuna mwalimu anayeyafundisha. Mwanafunzi anayetoa orodha palipoandikwa "explain" hupoteza alama katika masomo yote kwa mpigo mmoja.

*Maneno ya sura mbili* ni yale ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. "Table" alifundishwa shuleni kuwa ni meza. Kwenye Jiografia ni jedwali. "Volume" ni sauti ya redio hadi atakapoambiwa ni ujazo. "Solution" kwenye Hisabati ni jibu, na saa moja baadaye kwenye Kemia ni mchanganyiko wa chumvi na maji. Maneno haya hayaulizwi kwa sababu hakuna anayejua kwamba hayajui.

Mwisho wa maandalizi, mgawanyo wa dakika uandikwe kwenye andalio lenyewe, kwa majina ya walimu wote wawili. Mthibiti ubora wa shule akiingia, atakuta maelezo ya kwa nini wapo wawili.

Namna za kugawana kipindi

Kati ya namna sita za Friend na Cook, nne zinafaa kwa madarasa makubwa, na si zote kwa mwanzo.

*Mmoja afundishe, mwingine atazame.* Hii ni ya wiki ya kwanza tu. Mwalimu wa lugha aketi pembeni na karatasi, ahesabu: ni wanafunzi wangapi wamesema sentensi kamili ya Kiingereza katika dakika 80? Ni maneno gani yametajwa na mwalimu mara nyingi bila mwanafunzi hata mmoja kuyatamka? Hesabu hiyo aioneshe kwa mwenzake peke yake.

*Mmoja afundishe, mwingine azunguke akisaidia.* Ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ya hatari. Ikizoeleka, anayezunguka anakuwa mgawa madaftari, wanafunzi wanamwona msaidizi, naye anaacha kuandaa. Itumike kwa vipande vya dakika kumi, wakati wa kazi ya kuandika.

*Sambamba.* Darasa linagawanywa nusu kwa nusu, kila mwalimu akafundisha jambo lilelile kwa nusu yake. Kwa wanafunzi 70 hii ni neema, maana ghafla kila mmoja yuko na wenzake 34 tu na anaweza kusikika. Inahitaji nafasi ya pili. Kivuli cha mwembe na ubao wa kubebeka vinafaa. Ndani ya chumba kimoja sauti mbili zitagombana.

*Wote wawili mbele.* Mmoja anaeleza, mwenzake anauliza maswali ambayo mwanafunzi anayaogopa: "Mwalimu, hapo 'splashes' ni nini hasa?" Ikifanywa vizuri inapendeza kama mazungumzo ya barazani. Haifai kabla ya wiki ya nne, walimu wakiwa hawajazoeana.

Vituo vya kuzungukwa na kundi dogo la pembeni viachwe mpaka darasa liwe na madawati yanayohamishika na wanafunzi wasiozidi 50.

Kipindi kimoja kwa karibu: kipimamvua, dakika 80

Vifaa: chupa mbili za maji za plastiki zenye pande zilizonyooka, wembe, rula, kokoto chache, kopo la maji.

*Dakika 0 hadi 10.* Mwalimu wa Jiografia anauliza kwa Kiswahili: mvua ya jana ilikuwa kubwa kiasi gani, na mtu ataijuaje bila kukisia? Wanafunzi wanajadiliana wawili wawili. Kiswahili kimeruhusiwa wazi, na mwalimu wa lugha anaandika ubaoni, upande wa kushoto, maneno yao: kupima, mahali pa wazi, kuzuia, kuruka kwa matone.

*Dakika 10 hadi 25.* Chupa inakatwa juu, sehemu ya mdomo inageuzwa na kutumbukizwa ndani: hiyo ni faneli. Kokoto zinasawazisha kitako, maji yanajazwa hadi pale pande zinaponyooka, na hapo ndipo sifuri ya rula inapoanzia. Mwalimu wa Jiografia anafanya. Mwalimu wa lugha anataja kila kitu kwa Kiingereza kinapoguswa na kuandika upande wa kulia wa ubao, mkabala wa neno la Kiswahili. Wanafunzi wanatamka wote, kisha safu kwa safu, kisha mmoja mmoja.

*Dakika 25 hadi 45.* Maelezo ya mahali pa kukiweka na sababu zake, kwa Kiingereza chepesi. Mwalimu wa somo anaongea, mwenzake anainua kadi ya neno kila linapotajwa. Mwanafunzi mmoja anaitwa ashike chupa chini kabisa sakafuni, mwingine amwagie maji ubavuni mwake. Matone yanarukia ndani. Hapo "splashes" haihitaji tafsiri.

*Dakika 45 hadi 65.* Kiunzi kinaandikwa ubaoni. Wawili wawili wanaamua sababu kwa Kiswahili, wanaijaza kwa Kiingereza kwa mdomo, wanaambiana mara tatu, ndipo wanaandika. Utaratibu huu wa kusema kabla ya kuandika usirukwe hata muda ukiwa mfupi. Walimu wanazunguka: wa Jiografia anasikiliza kama sababu ni ya kweli, wa lugha anasikiliza kama sentensi imesimama.

*Dakika 65 hadi 80.* Kiunzi kinafutwa. Kila mwanafunzi anaandika sentensi mbili kwenye nusu karatasi, maneno ya ubaoni yakiwa yamebaki. Karatasi zinakusanywa.

Chupa iliyotengenezwa ibaki shuleni, iwekwe uwanjani sentimita 30 juu ya ardhi, na wanafunzi wa zamu wasome rula kila asubuhi kwa Kiingereza. Sentensi moja kila siku, isiyomgharimu mwalimu chochote.

Mahali pa Kiswahili

Shule nyingine zina mabango ya kuamuru Kiingereza tu, na zipo zilizowahi kumvika kibao shingoni aliyesikika akisema Kiswahili. Kufundisha kwa pamoja hakuwezi kukaa nyumba moja na kibao hicho, kwa sababu mwanafunzi anayeogopa kusema anachokijua hana cha kutafsiri. Wala Kiswahili kisiachwe kitawale kipindi chote, maana mtihani hautakijali. Kanuni inayofaa ni ya kazi: kufikiri na kujadiliana kwa Kiswahili, kusema na kuandika mwishoni kwa Kiingereza, na mwalimu atangaze lini lango moja linafungwa na jingine linafunguliwa. Mradi wa LSTT (ufundishaji na vitabu vinavyomsaidia mwanafunzi kwa upande wa lugha) wa katikati ya miaka ya 2010, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Bristol, ulifuata mwelekeo huu katika vitabu vya mfano vya Kidato cha Kwanza, vikiwa na Kiingereza kilichorahisishwa na maana za maneno kwa Kiswahili. Mkuu wa shule aelezwe hili mapema, kabla hajapita dirishani akasikia Kiswahili kwenye kipindi cha Jiografia chenye mwalimu wa Kiingereza ndani yake.

Kusahihisha

Karatasi moja, alama mbili. Mwalimu wa somo atoe alama ya hoja kwa kalamu yake bila kugusa sarufi. Mwalimu wa lugha atoe alama ya sentensi kwa rangi nyingine bila kugusa hoja. Mwanafunzi aliyeandika "tree not block rain" anapata hoja yake yote, na anaona wazi kwamba kilichobaki ni kiunzi. Mwalimu wa lugha asisahihishe kila kosa. Ashughulike na kiunzi cha wiki tu. Karatasi iliyojaa wino mwekundu haisomwi, inakunjwa na kuwekwa mfukoni.

> KISANDUKU 2. Makosa ya kawaida
>
> - Mwalimu wa lugha kugeuzwa mkalimani, akitafsiri kila sentensi ya mwenzake. Wanafunzi wataacha kusikiliza Kiingereza na kungoja Kiswahili.
> - Maneno 20 ubaoni kwa kipindi kimoja.
> - Kuuliza "mmeelewa?" na kuridhika na "ndiyo mwalimu".
> - Mmoja kutokea bila maandalizi kwa kutegemea kwamba mwenzake ameandaa.
> - Mwalimu mmoja kutumia kipindi cha pamoja kama nafasi ya kupumzika. Asiyeweza kufika atoe taarifa, kipindi kiendelee kwa mmoja.
> - Kiunzi kubaki ubaoni hadi mwisho. Kisipofutwa, hakuna anayejua kama wamejifunza.

Shule isiyoweza kuwatoa walimu wawili

Kuna shule ambazo walimu wawili wa Kiingereza wanahudumia mikondo yote, na ratiba haina tundu. Hapo walimu waandae pamoja bila kuingia pamoja. Mwalimu wa Jiografia ampe mwenzake maneno na kiunzi cha wiki ijayo. Mwalimu wa Kiingereza atumie mada hiyo kama mfano wa tungo tendwa siku moja au mbili kabla. Wanafunzi wakifika kwenye Jiografia, "is placed so that" haitakuwa mgeni. Faida ni ndogo kuliko ya wawili darasani, lakini gharama yake ni robo saa ya mazungumzo.

Wiki kumi na baada yake

Wiki ya 1 ni ya kutazama. Wiki ya 2 hadi ya 6 walimu waingie pamoja bila kukosa. Wiki ya 7 hadi ya 9 mwalimu wa lugha aingie wiki moja na kukosa inayofuata, ili mwenzake ajaribu kushika kiunzi peke yake; lengo ni mwalimu wa Jiografia aweze kuibua sentensi ya mada bila kuulizwa. Wiki ya 10 lirudiwe jaribio la swali moja, kwa mada mpya, na karatasi zigawanywe tena katika mabunda manne.

Bunda la pili likiwa limepungua na la kwanza limekua, mkondo mwingine uombewe nafasi muhula unaofuata. Bunda la pili likipungua huku la tatu likinenepa, viunzi vimekaririwa kama maelezo ya ubaoni yalivyokuwa yakikaririwa. Hapo walimu warudishe dakika kumi za kwanza za mjadala wa Kiswahili, ambazo kwa kawaida ndizo zimekuwa zikikatwa ili kufidia muda, na wapime tena baada ya wiki tatu kabla ya kuongeza mkondo wowote.